Betri Hufa Juni, Huzikwa Novemba

Siku nilipokabidhi funguo za chumba cha kuchajia pale gereji Mpemba, Festo, fundi anayeshika nafasi yangu, aliniomba nimwandikie ninayoyajua kuhusu betri za trekta kongwe. Nikamwambia ninayoyajua yanatosha nusu ukurasa: maji safi, vichwa visafi, mkanda wa kufungia, na subira. Festo akatikisa kichwa.

"Mama, hizo ni dawa," akasema. "Mimi nataka unisimulie wagonjwa."

Basi nawaandikia wagonjwa, wewe Festo na wenzako wote mnaorudi nyumbani mnanuka asidi. Vyeo na mishahara nimeviruka. Havikuwa vingi kiasi cha kumchosha msomaji, lakini hata hicho kidogo hakina la kufundisha.

Nilianzia Tunduma mjini, kwenye karakana ya chama cha wakulima kilichokuwa na trekta zake chenyewe. Trekta zilikuwa za zamani hata wakati huo. Nyingine zilikuwa zimewazidi umri madereva wake, na hakuna aliyethubutu kuzipiga teke bila kwanza kuangalia kama Mzee Kibona yupo karibu. Mzee Kibona ndiye aliyekuwa na chumba cha betri. Alikuwa mtu wa Ikinga, kule Ileje, mfupi, mwembamba, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kama vilima vya kwao. Nilipelekwa kwake kwa sababu harufu ya chumba kile ilikuwa imewakimbiza wote walionitangulia. Mimi nilikuwa binti aliyemaliza shule juzi tu, na nilihitaji kazi kuliko nilivyohitaji hewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una haraka?"

"Hapana, mzee."

"Basi utafaa. Betri inajazwa polepole. Ukiijaza haraka, inakufa haraka. Na watu ni hivyohivyo, lakini sisi hapa tunashughulika na betri."

Usaili wangu ulikuwa huo. Siku ile nilivaa sketi mpya ya kitenge, na aproni ya mpira aliyonipa ilikuwa imekatwa kwa kipimo chake yeye, kwa hiyo iliishia juu ya magoti yangu. Jioni nilirudi nyumbani sketi ikiwa nzima. Jumamosi nikaifua, nikaianika, ikabaki kama chujio la chai. Asidi haina kelele, inangoja maji ya kufulia. Jumatatu Mzee Kibona aliyatazama matundu yale kwa makini, akasema, "Sasa umeajiriwa."

Muda mrefu hakuniruhusu kuigusa asidi. Nilianza na maji. Maji yake ya betri aliyatoa kwao Ikinga, ambako mvua haina uchoyo. Alikuwa ametandika nailoni safi juu ya miti minne, mvua ikadondokea humo moja kwa moja kutoka mbinguni, ikashukia kwenye pipa la plastiki. Maji ya kwenye bati hakuyataka, kwa sababu bati lina kutu, na kutu ikiingia kwenye betri haitoki. Pipa lilikuja kwa lori la maharage, na Mzee Kibona alilipokea mwenyewe getini kama mgeni. Dereva aliyekamatwa ameongeza maji ya kisima kwenye betri aliletwa mbele yake.

"Chai yako nikikuwekea chumvi, utakunywa?" alimuuliza.

"Sitakunywa, mzee."

"Nayo haitakunywa."

Baada ya maji ndipo akanipa haidromita. Nyie vijana mna mashine ndogo inayobanwa kwenye vichwa na kuandika namba. Ni nzuri, itumieni, lakini msitupe haidromita. Ya kwake ilikuwa ya kioo, ina mpira wa kunyonyea juu na kidude kinachoelea ndani, na aliihifadhi kwenye kipande cha mwanzi alichokijaza pamba. Unafyonza asidi kutoka kwenye kila tundu la betri. Kidude kikielea juu, asidi ni nzito na betri imeshiba. Kikizama, ina njaa. Matundu yote yakiwa na njaa sawasawa, unailisha. Tundu moja likiwa na njaa huku mengine yameshiba, hilo ni gonjwa, na betri nzima itaanguka kwa ajili yake. Mzee Kibona alisoma kipimo kile akiwa amepiga goti moja, macho yakilingana na kioo, na chumba kizima kilinyamaza, hata madereva waliokuja kulalamika.

Sheria nyingine alinikaririsha kama katekisimu. Asidi inatiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye asidi. Maji yanaongezwa baada ya kuchaji, isipokuwa pleti, yale mabamba ya risasi ya ndani, zikiwa wazi, hapo unazifunika kidogo kwanza. Betri inayochajiwa inatoa hewa inayolipuka, kwa hiyo mvuta sigara anabaki nje ya mlango, hata akiwa mwenyekiti wa chama. Vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa, vikiota unga vinasafishwa kwa maji ya moto na magadi, vinakaushwa, vinapakwa grisi. Na betri isiwekwe juu ya sakafu ya saruji, iwekwe juu ya ubao. Hilo la mwisho sijawahi kuiona sababu yake, na kwa betri za siku hizi naamini halina. Lakini mpaka siku ninakabidhi funguo, betri zangu zote zilikuwa juu ya ubao.

Sasa niwasimulie baridi. Mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa asubuhi ya Julai ilivyo. Trekta ikilala nje, mafuta ya injini yanakuwa mazito kama uji wa jana, na betri iliyochoka inasema kliki moja tu. Madereva wetu walikuwa na dawa yao: mteremko. Kila dereva alikuwa na mteremko wake wa kuegesha jioni, na asubuhi aliachia breki, trekta ikajivingirisha, akaachia klachi, ikashtuka ikawaka. Miteremko ilirithiwa. Dereva akihama, mwenzake alikuwa tayari ameshauomba.

Bingwa wa mteremko alikuwa Mzee Halinga. Trekta yake haikuwashwa kwa ufunguo kwa miaka mingi. Jumapili aliiegesha kwenye mteremko wa kanisa lao, na ibada ikiisha waumini walisimama pembeni kumwangalia akishuka kimyakimya na kofia yake ya sherehe, halafu moshi mweusi, halafu ngurumo. Watoto walilipenda jambo hilo kuliko mahubiri, na nadhani mchungaji alijua.

Mzee Kibona alinipa trekta ile kama mtihani. Betri ilikuwa nzima. Stata ilikuwa nzima. Waya mnene ulikuwa mzima. Nilizunguka pale nusu siku, mwisho nikaufuata waya wa ethi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kushikilia chuma cha bodi. Mtu mmoja mwenye upendo alikuwa ameipaka trekta rangi upya, na akaipaka pia ile sehemu ambayo waya ulipaswa kugusa chuma. Ulikuwa umefungwa vizuri sana, juu ya rangi. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi. Mzee Halinga akazungusha ufunguo na trekta ikawaka mara moja, juu ya ardhi tambarare. Akakaa pale juu ya kiti haonyeshi furaha yoyote.

"Sasa nitaegesha wapi?" akauliza.

Aliendelea kuegesha kwenye mteremko wa kanisa mpaka alipoacha udereva. Mimi nilitoka na funzo moja: usiihukumu betri kabla hujaufuata waya mpaka mwisho.

Mgonjwa mwingine ni yule aliyekuja kila mwaka, na atakuja kwenu pia. Mkulima anamaliza kulima, anamaliza kusomba mavuno, anaiegesha trekta Juni na kuisahau. Betri imefungwa humo humo, haijachajiwa, haijasafishwa. Inajimaliza kidogo kidogo, pleti zinaganda weupe kama ukoga. Mvua ya kwanza ya Novemba iliponyesha usiku, kulipokucha foleni mlangoni kwetu ilifika barabarani, kila mtu na betri yake kwenye toroli, kwenye baiskeli, kichwani. Wote walisema neno moja: jana ilikuwa nzima. Mzee Kibona hakubishana nao. Alipima, akanirudishia kipimo, akasema kwa sauti ya kutangaza msiba, "Betri hufa Juni, huzikwa Novemba." Waambieni wateja wenu wazitoe betri trekta zinapopumzika, wazilete zichajiwe kila mwezi. Hawatafanya hivyo. Waambieni tu.

Karakana ya chama ilipofungwa, Mzee Kibona alirudi Ikinga kwenye mvua yake, akaniachia ile haidromita na mwanzi wake. Mimi nikahamia gereji ya Mpemba, kando ya barabara kuu, ambako malori hayalali. Pale trekta zilikuwa wateja wa pembeni, lakini zilinifuata. Zilitoka Vwawa, zilitoka Ileje, nyingine zilivuka mpaka kutoka Nakonde. Ba Mulenga, mkulima wa upande wa Zambia, alikuwa akija na betri nyuma ya baiskeli, na kabla ya kushuka alishasema, "Mulishani, ba mayo," nami nikajibu, "Bwino," kisha tukaingia kwenye Kiswahili kwa sababu Kibemba changu kinaishia hapo.

Ba Mulenga ndiye aliyenifundisha kuangalia bodi. Trekta yake ilikuwa ya kizazi kile cha zamani ambacho upande wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Fundi fulani alikuwa amemfungia betri mpya kwa mazoea. Taa ziliwaka, stata ikazunguka, kila mtu akapongezwa, na betri ikawa haichajiki. Alikuwa ameshashauriwa aweke vidonge vya maumivu ya kichwa kwenye matundu. Alikuwa ameviweka. Tuligeuza nyaya na kuirekebisha dainamo ikubali upande wake, nikamwaga asidi ile yenye vidonge, na nikamwambia kichwa kilichokuwa kinauma kilikuwa cha fundi.

Nimesema sana baridi ya Tunduma, lakini baridi haiui betri. Baridi inamfichua tu aliyekwisha kufa. Anayeua ni joto, na joto linakaa Kamsamba. Huko bondeni kuelekea Ziwa Rukwa maji ya betri hukauka kama umeyaanika, na trekta inatikisika kwenye majaruba ya mpunga mpaka pleti zinamomonyoka. Mgonjwa wangu wa mwisho kabla sijastaafu alikuwa wa Kamsamba, na huyu nitamsimulia kwa urefu, kwa sababu haikuwa betri peke yake iliyokuwa hatarini.

Alinipigia simu mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima mpunga. Anaitwa Mama Neema. Kikundi kilikuwa na trekta moja kongwe ya dainamo.

"Fundi, nina trekta inayokufa kila mara," akasema, "na dereva anayesema hajui kwa nini. Hii ni betri ya tatu. Njoo uniambie nani mwongo."

Nilipakia kwenye pikapu ya gereji betri niliyoichaji mwenyewe, niliyoijua tundu kwa tundu, nikaifunga isilale upande, nikateremka.

Dereva nilimkuta shambani. Josefu Simbeye, kijana mtu mzima, mpole, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Alinisalimia, akanionyesha trekta, akaeleza kila kitu kwa utaratibu. Betri hufa usiku. Si kila usiku. Wiki nzima inaweza kuwa nzima, halafu asubuhi moja ufunguo unasema kliki. Wamezipeleka betri Tunduma zikapimwa, zikaonekana nzima. Wakaipeleka hata trekta yenyewe kwa mafundi huko juu, ikalala pale siku kadhaa, ikawaka kila asubuhi.

"Na watu wanasemaje?" nikamuuliza.

Akainama kufuta mikono. "Wanasema usiku nampa betri yule anayechaji simu za watu mnadani na kupiga muziki. Mama, mimi simu yangu yenyewe ni ya tochi. Nyumbani nina redio ya mawe, betri ndogo za dukani. Wamesikia redio, wakasema umeme anautoa wapi."

"Kwa nini usimwambie Mama Neema?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Josefu alikuwa amemchumbia Neema, binti wa mwenyekiti, na posa ilishapokelewa. Kwa desturi ya ukoo wao, kuanzia siku ile mama mkwe na mkwe hawasemezani uso kwa uso. Kabla ya posa wangeweza kugombana kwa saa moja wakamaliza. Sasa kila neno lilipita kwa mtu wa tatu, na kila mtu wa tatu aliongeza chumvi yake. Mama Neema alikuwa ameshasema mambo ya harusi yangoje. Josefu naye alikuwa na mjomba Nakonde aliyemwita akaendeshe lori.

"Nikiondoka watasema nimekimbia," akaniambia. "Nikibaki mimi ni mwizi. Nimemwambia Neema tukimaliza kulima nitaenda. Analia tu."

Nilifunga betri yangu, Josefu akalima mpaka jua linazama, mimi nikiwa nimekaa kwenye tuta najipepea kwa kipande cha boksi. Dainamo ilikuwa inachaji vizuri. Jioni nikaenda kwa Mama Neema. Ni mwanamke mrefu, mjane, sauti yake haihitaji kipaza. Alinikaribisha wali na samaki wa Rukwa, na nilipokwisha kunawa nikamwambia, "Dada, leo trekta ilale hapa uani kwako. Ufunguo ukae na wewe. Josefu akalale kwao."

Akanielewa mara moja. "Na mimi nitalala barazani," akasema.

Trekta ikaletwa uani. Mama Neema akachukua kanga yake, akaipitisha kwenye mfuniko wa betri, akafunga fundo ambalo nadhani lilitosha kumfunga ng'ombe. Ufunguo akautia kwenye pindo la kanga aliyovaa. Mimi nikaingia ndani kulala, yeye akabaki nje na mkeka wake na mbwa.

Alfajiri nilimkuta ameketi wima, macho mekundu.

"Hakuna aliyepita," akasema. "Hata panya."

Fundo lilikuwa vilevile. Josefu aliitwa, akaja, akasimama mbali mikono nyuma. Akina mama wa kikundi nao walikuwa wameanza kujaa, maana habari ya mwenyekiti kulala nje ilikuwa imewafikia wote. Mama Neema alifungua fundo lake, akanipa ufunguo, nikapanda, nikazungusha.

Kliki.

Mama Neema alijiketisha polepole juu ya kinu kilichokuwa karibu. Alikuwa amelilinda lile fundo yeye mwenyewe, na kama kuna mwizi wa umeme, basi alikuwa amempitia chini ya pua au alikuwa ni yeye. Nilimwangalia Josefu. Hakutabasamu. Alikuwa anaitazama ardhi, na namsifu kwa hilo mpaka leo.

Nilishuka, nikashika injini. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikainama kuangalia nyaya, na ili nisianguke nikaegemeza mkono wa kushoto kwenye dainamo.

Ilikuwa na joto. Si la kuunguza. Joto la yai lililotoka kwa kuku sasa hivi.

Nikatoa mkono, nikashika injini tena: baridi. Dainamo: joto. Jua lilikuwa halijatoka. Nikafungua waya wa ethi kwenye betri, na ulipoachia kichwa ukatoa cheche ndogo ya bluu, na hali kila kitu kilikuwa kimezimwa. Hapo nikajua, na nikahisi moyo wangu umekuwa mwepesi kama wa mtu aliyeitwa jina lake kanisani kwa jambo zuri.

"Dada," nikamwambia Mama Neema, "njoo uweke mkono hapa."

Akaja. Akaweka kiganja kwenye dainamo, akakiacha pale.

"Ina homa," akasema.

"Usiku kucha ilikuwa inakunywa umeme wa betri. Mwizi wako ni huyo, amefungwa kwa bolti."

Akina mama wakaja mmoja mmoja wakaishika, injini kwanza, halafu dainamo, kama watu wanaotoa heshima za mwisho. Nikawaeleza. Dainamo inapozunguka inatengeneza umeme, na umeme unapita kwenye kidude kinachoitwa katauti kwenda kwenye betri. Katauti ni kama mlango wenye komeo. Injini ikiwaka mlango unafunguka, injini ikizimwa unafungwa, ili umeme usirudi ulikotoka. Nikakifungua kile kiboksi mbele yao. Vile vipande viwili vya chuma vinavyopaswa kuachana vilikuwa vimeungua na kugandana, na nilipovitenganisha kwa ncha ya bisibisi vilitoa sauti ya kukatika.

"Na mbona huko Tunduma waliilaza ikawa nzima?" akauliza mama mmoja.

"Kwa sababu haigandi mpaka ilime siku nzima kwenye joto lenu. Kule juu iliegeshwa tu kwenye ubaridi, haikufanya kazi. Ilikuwa na adabu, kama mtoto akiwa mbele ya mwalimu."

Nikavisugua vile vipande kwa msasa laini, nikaona springi nayo imelegea, nikatoa katauti nyingine kwenye sanduku langu la vipuri vya zamani, nikaifunga. Tukaiwasha trekta kwa waya kutoka kwenye pikapu. Nikawaambia sitaki kushangiliwa bado. Ilime leo kutwa, ilale tena hapa uani, kesho tuone. Siku nzima nilimwona Mama Neema akiwa na shughuli nyingi zisizo za lazima, anafagia palipofagiliwa.

Asubuhi iliyofuata uani hapakuwa na nafasi ya kusimama. Nilishika dainamo, ilikuwa baridi. Nikamwita Mama Neema aishike, akaishika. Halafu nikampa Josefu ufunguo. Akapanda, akazungusha, trekta ikawaka hata kabla hajatulia kwenye kiti, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa akakimbilia nyuma ya nyumba.

Mama Neema alinisogelea. Josefu alikuwa juu ya trekta, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Mama Neema akamgeuzia bega, kama desturi inavyotaka, akaniangalia mimi.

"Fundi, mwambie azime kwanza. Nina maneno."

Kabla sijafungua mdomo, Josefu alikwisha kuzima.

"Fundi," akasema Mama Neema, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imepungua, lakini kila mtu aliisikia, "mwambie mkwe wangu nilisema maneno mabaya juu yake. Niliyasema hadharani, na leo nayarudisha hadharani. Mwambie sitayasema tena."

Sikuwa nimemsikia akimwita mkwe tangu nifike. Siku zote alikuwa "huyo dereva". Nadhani Josefu naye hakuwa amelisikia, maana alikaa pale juu ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha.

"Josefu," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimepewa kazi na sikutaka kuiharibu, "mama anasema..."

"Nimesikia, mama." Akaachia usukani. "Mwambie na mimi nimesikia. Mwambie nilikuwa naumia, lakini yamekwisha. Mwambie jaruba la kule chini nitalimaliza leo."

Nikageuka kwa Mama Neema. "Anasema amesikia. Anasema alikuwa anaumia, lakini yamekwisha. Anasema..."

"Nimesikia," akasema Mama Neema, akijifuta macho kwa pindo lile lile lililokuwa limehifadhi ufunguo. "Akimaliza jaruba apitie hapa. Neema atakuwa amepika."

Upande wa jikoni nikasikia sufuria ikianguka. Nadhani Neema naye alikuwa amesikia.

Nilikaa siku nzima kumfundisha Josefu kuishika dainamo kila asubuhi kabla ya kuushika ufunguo. Nilimwekea pia swichi kuu ya kukata betri, na nikamfungia betri yenyewe kwa mkanda wa tyubu ya baiskeli isitikisike. Niliporudi Mpemba nilikuwa na gunia la mchele ambalo nilishindwa kulikataa, na mgongo uliokuwa unaniambia umefika wakati. Nikaandika barua ya kustaafu kabla wali wa gunia lile haujaisha.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Nilialikwa, nikateremka tena Kamsamba, safari hii nimevaa gauni lisilo na tundu hata moja. Mlangoni alikuwepo kijana mmoja wa kamati anayepanga wageni, mstaarabu sana, amevaa tai kwenye joto lile. Hakunifahamu. Akaniamkia, akaniuliza nimekuja upande wa bwana harusi au wa bibi harusi, ili ajue pa kunikalisha.

Nikamwambia nimekuja upande wa trekta. Akafikiri kidogo, akanipeleka meza ya mbele.